Barua ya Wazi kwa Kamati ya Maonesho ya Ubunifu: Jenereta Ile Ipimwe Kabla Fedha za Watu Hazijaisha

Kwa Mwenyekiti na Wajumbe,
Kamati ya Maonesho ya Ubunifu ya Wilaya.

YAH: OMBI LA KUSIMAMISHA CHETI CHA "JENERETA ISIYOTUMIA MAFUTA" MPAKA IPIMWE HADHARANI

Waheshimiwa,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mwalimu mstaafu wa fizikia. Nililifundisha somo hilo kwa miaka 31 katika shule za sekondari, na tangu nistaafu ninaendesha karakana ndogo ya kusuka mota na kutengeneza pampu za maji. Nimekwisha kuwaandikia barua mbili kwa njia ya kawaida. Ya kwanza haikujibiwa, na ya pili ilijibiwa kwa sentensi moja, kwamba kamati haiko tayari kuwavunja moyo vijana wabunifu. Nilifika pia ofisini, nikakaa kwenye benchi mpaka saa tisa alasiri, kisha nikaarifiwa kuwa mhusika ametoka. Kwa kuwa muda wote huo michango inaendelea kukusanywa mitaani kwa nguvu ya cheti chenye muhuri wenu, nimelazimika kusema mbele ya watu jambo ambalo ningependa tulimalize ndani.

Nieleze kwanza nilichokiona, kwa ajili ya wasiokuwepo. Juu ya meza ya chuma kulikuwa na betri ya volti 12, ile kubwa ambayo mafundi tunaiita N100, pamoja na inverta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani), mota ya nusu farasi, mkanda, na alteneta iliyofunguliwa kwenye gari, yaani kile kifaa kinachozungushwa na injini ili kuchaji betri. Betri inalisha inverta, inverta inaendesha mota, mota inazungusha alteneta kwa mkanda, na alteneta inairudishia betri chaji. Taa nne zinawaka pembeni. Maelezo yaliyobandikwa mezani yalisema kwamba mtambo ukishawashwa hauhitaji tena kitu chochote, na kwamba ukikuzwa unaweza kulisha kijiji kizima bila mafuta, bila jua na bila maji. Mtambo ulizunguka kwa dakika 40, watu wakapiga makofi, na jioni yake ukapewa ushindi wa kwanza.

Kijana aliyeuunda, ambaye sitamtaja kwa sababu sina ugomvi naye hata kidogo, aliniruhusu kwa adabu kubwa kusogea na mita yangu. Kabla ya kuwasha, betri ilisoma volti 12.6. Baada ya kuzima na kuiacha itulie robo saa, ilisoma 12.4. Mota ilikuwa ya moto kiasi kwamba sikuweza kuiwekea kiganja kwa zaidi ya sekunde chache, na kwenye puli ndogo mkanda ulikuwa umeanza kutoa harufu ya mpira unaoungua. Yeyote aliyezoea vyombo hivi angetosheka na hayo na kwenda zake. Kwa kuwa kamati haikutosheka, naomba niyafafanue.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Kamati imethibitisha jambo lisilowezekana, na hesabu ya kulikanusha inatosha nyuma ya bahasha.

Nishati haiumbwi na haipotei; hubadilika umbo tu, na kila inapobadilika sehemu yake hutoroka kama joto. Tuchukue nishati inayotoka kwenye betri tuiite 100. Inverta ya kawaida ya dukani hupitisha takriban 85, na zile 15 ndizo zinazoifanya ipulize hewa ya moto. Mota ndogo ya aina ile hugeuza kama robo tatu tu ya inachopewa kuwa mzunguko, kwa hiyo tunabaki na 64 hivi. Mkanda nao unachukua ushuru wake, tunabaki na 60. Alteneta ya gari haikuundwa kwa ubahili, maana kwenye gari kuna injini kubwa ya kuilisha. Inarudisha kama asilimia 55 ya kile inachozungushiwa. Kinachorudi kwenye betri ni 33. Zile 33 zikizunguka tena zinarudi 11, na zile 11 zinarudi pungufu ya 4. Hapo hatujawasha taa hata moja.

Najua jibu litakaloletwa, kwamba vifaa vile ni vya bei nafuu na kwamba fedha zikipatikana vitanunuliwa bora zaidi. Basi tuviboreshe kwenye karatasi, ambako hakuna gharama. Tuseme kila kimoja kati ya vinne hivyo kina ufanisi wa asilimia 99, kiwango ambacho hakuna alteneta ya gari duniani iliyowahi kukikaribia. Kinachorudi ni 96. Tuvifanye vyote kuwa kamili, asilimia 100 bila msuguano wala joto: kinachorudi ni 100 kamili, yaani kilekile kilichotoka, na siku mtakapowasha taa moja ya wati 5, wati hizo 5 zitatoka kwenye akiba ya betri na hazitarudi. Hapa ndipo ninapoomba wajumbe wasome polepole. Tatizo la mtambo ule halipo kwenye ubora wa vifaa, na kwa sababu hiyo mchango wa fedha, uwe mkubwa kiasi gani, hauwezi kulitatua.

Kama ndivyo, kwa nini uliwaka dakika 40? Kwa sababu betri ile ikiwa imejaa ina wati-saa 1,200, sawa na uniti 1.2 za Luku, na upotevu wote tuliouona mezani, pamoja na taa zile nne, haukuzidi wati 250 au karibu na hapo. Dakika 40 zilikula takriban sehemu moja ya saba ya akiba. Tungekaa mpaka magharibi tungeuona ukizima wenyewe. Mtungi uliojaa ukitobolewa tundu dogo hautishi mtu asubuhi.

2. Kamati imeichukulia kama habari mpya fikra yenye umri wa karibu miaka 900.

Mwanahisabati Bhaskara wa India, yapata mwaka 1150, alieleza gurudumu lenye mirija iliyojazwa zebaki nusu, iliyopangwa ili upande mmoja uwe mzito daima na gurudumu lizunguke bila kikomo. Tangu hapo umbo hilo limerudi kila karne, mara kwa nyundo zinazobinuka, mara kwa mipira inayobingirika, na siku hizi kwa sumaku. Mwaka 1994 wanafunzi wangu wa kidato cha tatu walinijia nalo wakiwa wamefunga chupa za plastiki, nusu maji, kwenye rimu ya baiskeli. Sikuwakatalia. Tuliligeuza gurudumu lisimame wima, tukalisukuma, likazunguka mara kadhaa, likayumba na kusimama, na niliwaambia wahesabu chupa. Upande wa kushuka, ambako maji yalikuwa yamekwenda mbali na ekseli, kulikuwa na chupa nne. Upande wa kupanda, ambako maji yalikuwa karibu na ekseli, kulikuwa na saba. Zile nne zina nguvu zaidi kila moja, zile saba ni nyingi zaidi, na jumla zinalingana. Mmoja wa wanafunzi wale alikaa na rimu ile wiki nzima akihamisha chupa, na alipoacha alikuwa ameielewa kanuni ya wenzo kuliko mimi nilivyoweza kumfundisha kwa chaki.

Sumaku hazibadilishi hesabu. Sumaku inayovuta chuma ni kama bonde linalovuta jiwe: jiwe likishuka unapata kitu, lakini ukitaka lishuke tena lazima ulipandishe kwa gharama ileile. Sumaku iliyoganda kwenye mlango wa friji haitumii nishati yoyote kwa sababu haifanyi kazi yoyote, haisogei.

3. Kamati haikuangalia ndani, na haikuupa mtambo mzigo wa maana.

Historia ya mambo haya imejaa maonesho yaliyopigiwa makofi. Mwaka 1812, katika mji wa Philadelphia nchini Marekani, Charles Redheffer alionesha mashine aliyodai inajiendesha yenyewe, akitoza kiingilio, kisha akaomba fedha za umma ili ajenge kubwa zaidi. Wakaguzi walipotumwa Januari 1813 walikuta mlango umefungwa na wakaruhusiwa kuchungulia dirishani tu. Kijana mdogo, mtoto wa mmoja wa wakaguzi, akaona kitu ambacho wakubwa hawakukiona: meno ya gia yalikuwa yamelika upande usiostahili. Mashine iliyosemekana kuendesha gia ilikuwa inaendeshwa na gia. Redheffer alihamia New York, na huko mhandisi Robert Fulton, yule wa meli za mvuke, akasikia kwamba gurudumu halizunguki kwa mwendo sawa, linakwenda kwa kusita kama kitu kinachozungushwa kwa mkono. Aling'oa vipande vya mbao vilivyounganisha mashine na ukuta, akakuta mkanda wa utumbo wa mnyama uliopita ukutani mpaka chumba cha juu, na huko alikuwako mzee mwenye ndevu ameketi akizungusha kishikio kwa mkono mmoja na kula mkate kwa mkono wa pili.

Sisemi kwamba kwetu kuna mzee aliyefichwa. Naamini kijana wetu ni mkweli na amejidanganya kwa nia njema, kwa sababu mtambo haukuachwa uzunguke mpaka uzime mbele ya macho yake. Ninachosema ni kwamba utaratibu wa kamati ungempitisha Redheffer bila shida.

Wala kufunga mlango peke yake hakutoshi. Mwaka 1717, katika ngome ya Weissenstein karibu na Kassel, Ujerumani, gurudumu la Johann Bessler, aliyejiita Orffyreus, lilifungiwa chumbani chini ya lakiri za mtawala Karl wa Hesse-Kassel. Walipofungua baada ya majuma kadhaa walilikuta bado linazunguka. Watu wenye elimu waliondoka wakiwa wameshangaa. Lakini Bessler hakuruhusu mtu mwingine yeyote zaidi ya mtawala huyo kuona ndani yake, na profesa mmoja kutoka Leiden alipolichunguza kwa makini mwaka 1721, Bessler alilivunja gurudumu kwa hasira. Mwaka 1727 mtumishi wake wa nyumbani alitoa ushuhuda kwamba lilikuwa likizungushwa na watu kutoka chumba cha pili. Kwa hiyo ninapoomba jaribio, naomba jaribio ambalo kila waya unaonekana.

4. Cheti kinatumika kukusanya fedha.

Hili ndilo lililonitoa nyumbani. Nakala ya cheti chenu imebandikwa kwenye vibao vya matangazo katika mitaa mitatu, na chini yake kuna maelezo ya namna kila kaya inavyoweza kununua hisa kwa shilingi 20,000. Kikundi cha kuweka na kukopa cha akina mama wa mtaa wetu kimetenga shilingi 600,000 kutoka kwenye kisanduku chao. Mwenyekiti wao alinijia na daftari, akaniuliza, "Mwalimu, kama serikali imeweka muhuri, wewe unapingaje?" Sikuwa na jibu la kumridhisha, maana kwake muhuri ni muhuri, na hakuna aliyemweleza kwamba kamati ya maonesho haikupima kitu.

Akademia ya Sayansi ya Paris ilitangaza mwaka 1775 kwamba haitachunguza tena mashine ya aina hii itakayoletwa mbele yake. Miongoni mwa sababu ilizotoa ni kwamba utafutaji huo ulikwisha kufilisi zaidi ya familia moja, na kwamba mafundi ambao wangeweza kutoa huduma kubwa walimalizia humo mali, muda na vipaji vyao. Mimi siombi kamati ifunge mlango namna hiyo. Naona bado ni afadhali kupima kila kinacholetwa, maana katika kupima ndimo vijana wanajifunza.

Nimesikia pia utetezi wa aina mbalimbali, na ningependa kuujibu kabla haujaletwa tena.

Inasemwa kwamba wataalamu walikataa hata ndege kuruka. Ni kweli wapo waliokataa, lakini siku hiyohiyo kunguru walikuwa wakipita juu ya vichwa vyao. Kuruka hakukuwa kinyume cha kanuni yoyote. Kulikosa injini nyepesi. Kwa upande wa mashine inayojilisha hatuna kunguru wake. Kanuni ya hifadhi ya nishati yenyewe haikushuka kutoka kwenye kiti cha profesa. James Joule wa Manchester, mtoto wa mwenye kiwanda cha bia, katika miaka ya 1840 aliteremsha vitu vizito ili vizungushe makasia ndani ya chombo cha maji, akapima joto lililoongezeka, akarudia tena na tena, na kila mara kiasi kile cha kazi kilitoa kiasi kilekile cha joto. Tangu hapo kila kiwanda, kila mita ya umeme na kila injini imekuwa ikiirudia hesabu yake.

Inasemwa kwamba umeme wa maji na wa jua nao hautumii mafuta. Hautumii, lakini unalipiwa. Mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji ina uwezo wa megawati 2,115 kwa sababu maji yanashuka, na maji hayo yalipandishwa milimani na jua. Mwaka 2006 mvua zilipokosekana na kina cha Bwawa la Mtera kikashuka, tulikaa gizani kwa mgao, na mitambo haikuwa imeharibika. Kama alteneta ingeweza kujizungushia mota yake, tusingelia na mvua.

Inasemwa kwamba mtambo unavuta nishati "kutoka hewani". Hewa ina joto, sikatai, na Bahari ya Hindi ina joto jingi zaidi. Hata hivyo hakuna jahazi linaloweza kunyonya joto la maji ya juu, kuligeuza lote kuwa mwendo, na kuacha barafu nyuma yake. Sadi Carnot alionesha mwaka 1824 kwamba joto hufanya kazi pale tu linapopata mahali baridi pa kwenda. Kwenye meza ile sikuona pa moto na pa baridi ila mota yenyewe iliyokuwa ikichemka.

Na inasemwa kwamba mwezi hauchoki kuizunguka dunia. Mwezi hauchoki sana kwa kuwa hauna kitu cha kusuguana nacho huko juu, lakini ukianza kuchukua nishati katika mfumo ule, mfumo unapungukiwa. Maji yanayokupwa na kujaa kwenye pwani yetu yanachukua nishati hiyo kila siku, ndiyo maana dunia inapunguza mzunguko wake kidogokidogo na mwezi unasogea mbali kwa takriban sentimita 3.8 kila mwaka. Hata huko juu kuna daftari.

Kwa heshima zote, basi, naomba mambo haya:

(a) Cheti kisimamishwe, si kufutwa, na tangazo la kusimamishwa libandikwe kwenye vibao vilevile vyenye matangazo ya hisa.

(b) Mtambo ujaribiwe hadharani kwa siku 7 mfululizo, ukiwa katikati ya sakafu tupu, mbali na ukuta, juu ya meza ya wavu ambayo chini yake kunaonekana, na vifuniko vyote vikiwa wazi. Uwashe taa moja ya wati 100 bila kuzima. Kwa saa 168 taa hiyo itatumia wati-saa 16,800, yaani mara 14 ya akiba yote ya betri ile, kwa hiyo hakutakuwa na nafasi ya ubishi kwamba ni chaji ya zamani. Kwa hesabu zangu mtambo hautadumu zaidi ya saa sita tangu uwashwe. Ukivuka siku ya pili nitaiomba radhi kamati kwa barua nyingine ya wazi.

(c) Michango iliyokwisha kukusanywa irudishwe kwa wenyewe, ikianzia kwenye kisanduku cha akina mama, na kamati isaidie kuwapata waliochanga.

(d) Kijana asiadhibiwe wala asidhalilishwe. Uchomeleaji wake ni safi, mkanda wake umenyooka, na amefunga inverta kwa mpangilio ambao mafundi wengi wa umri wangu hawauwezi. Kule milimani kuna vijito visivyokauka mwaka mzima, na mtu wa mikono ile akipewa mabomba na gurudumu dogo la maji anaweza kuizungusha alteneta ileile na kuwasha zahanati. Niko tayari kufanya naye kazi bila malipo.

(e) Kuanzia maonesho yajayo, kila mtambo unaodai kuzalisha nishati upimwe kinachoingia na kinachotoka kabla ya majaji kukaa.

Naomba jibu la maandishi ndani ya siku 14. Siku ya jaribio nitafika na mita mbili, moja yangu na moja ya kuazima, ili zisomeke pamoja. Kufuli na lakiri nitanunua mwenyewe, na ufunguo atakaa nao mwenyekiti wa akina mama.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu wa Fizikia,
Karakana ya kusuka mota.

Nakala: Wenyeviti wa mitaa mitatu husika, Kikundi cha akina mama.